Mzee hasikii kiu kwenye joto: feni inatosha?

Umeuliza kama feni inamtosha mama wa miaka 78 anayetumia dawa za presha na kila saa anasema hana kiu. Kiu usiitegemee, uzeeni hupungua hata mwili ukiwa umekaukiwa. Mpe nusu glasi ya maji kila saa bila kungoja aombe, na uangalie mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, bado hayatoshi. Ila kama ana ugonjwa wa moyo au figo, kiasi apange daktari wake. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, lakini usizikatishe mwenyewe, ulizia dozi.

Feni husaidia joto likiwa chini ya nyuzi 40. Likizidi hapo, inampulizia moto tu. Mloweshe mikono na shingo kwa kitambaa cha maji kwanza: kinachopoza ni maji yanapokauka juu ya ngozi, na ngozi ya mzee hutoa jasho kidogo.

Akianza kuongea ovyo au kuchanganyikiwa (wengi husema "ni uzee tu"), hiyo ni dharura. Ita gari la wagonjwa, mlaze kivulini, mmwagie maji, mpepee. Asiyejitambua vizuri usimnyweshe, atapaliwa.