Rais akiugua muda mrefu, Makamu anakuwa nani?

SWALI: Nafundisha Uraia sekondari, Mpwapwa. Darasani wamenibana: Rais akifariki, Makamu wa Rais anakaimu tu hadi uchaguzi uitishwe, au anakuwa Rais kamili? Na Rais akiugua muda mrefu inakuwaje?

JIBU: Mwalimu, la kwanza ni jepesi. Ibara ya 37(5) ya Katiba ya 1977 inasema Makamu ataapishwa na atakuwa Rais kwa muda uliobaki wa kile kipindi cha miaka mitano. Hakuna uchaguzi wa kujaza nafasi. Huenda wanafunzi wako wamesikia habari za Zambia, ambako Michael Sata alipofariki Oktoba 2014, Guy Scott alikaimu hadi uchaguzi wa Januari 2015. Kwetu sivyo. Hayati Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, Mama Samia akaapishwa tarehe 19. Jina la Dk. Mpango kuwa Makamu likaletwa bungeni hapa Dodoma tarehe 30 mwezi huohuo, kwa sababu jina hilo lazima lipitishwe kwa kura zisizopungua nusu ya wabunge wote.

Ugonjwa ndio penye kazi. Kama Rais yuko nje ya nchi au hayupo kazini, Makamu anashika shughuli zake, lakini kiti bado kina mwenyewe. Kiti hakiwi wazi kwa sababu tu Rais amelazwa, hata mitaani waseme nini. Ibara ya 37(2) imeweka njia yake: Baraza la Mawaziri linapeleka hoja kwa Jaji Mkuu, naye anateua bodi ya madaktari bingwa wasiopungua watatu. Akiridhika na ushahidi wao, anampelekea Spika hati kwamba Rais hamudu kazi. Zikipita siku saba bila Jaji Mkuu kuitengua hati hiyo kwa sababu Rais amepata nafuu na kurejea kazini, kiti kinahesabiwa kuwa wazi.

Sasa waulize wanafunzi: nani anaongoza kikao cha Baraza la Mawaziri Rais asipokuwepo? Ni huyohuyo Makamu. Waliomzunguka mezani wengi ni mawaziri walioteuliwa na mgonjwa, na hoja yenyewe ikifanikiwa, yeye ndiye anayepanda. Akiharakisha, ataambiwa ana uchu wa madaraka. Akichelewa, nchi inakaa bila mwenye kuamua. Wengi huiita nafasi ya Makamu kuwa ya kukata tepe. Kwangu mimi, hakuna kiti kigumu kukikalia kama hicho wiki ambayo Rais hajaonekana hadharani. Katiba imempa utaratibu. Busara ya lini auanzishe haikuandikwa popote.

Ndiyo maana pia wapigakura humchagua pamoja na Rais, kama mgombea mwenza, na lazima atoke upande wa pili wa Muungano. Utaratibu huo ulianza kutumika uchaguzi wa 1995. Kabla ya hapo hatukuwa na mgombea mwenza.

Kuna swali moja litakalofuata darasani, bora ulijue mapema: muda wa urithi unahesabiwaje? Ibara ya 40(4): Makamu akishika kiti kwa miaka mitatu au zaidi, anaruhusiwa kugombea mara moja tu, ikipungua mitatu, mara mbili. Mwaka 2021 ilikuwa imebaki zaidi ya minne.