Mikono niliyoishika mwaka 1994

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Uliniandikia, "Mama, umeenda Nyamata, Rwanda, ukaona watu walivyouawa ndani ya kanisa, halafu Jumapili umerudi kuimba kwaya. Unawezaje?" Sikukujibu kwa simu. Ningekujibu haraka, halafu nijute.

Kutoka daraja la Rusumo, pale mpakani, hadi Nyamata basi zima la WAWATA, sisi wanawake Wakatoliki, lilikuwa linaimba. Kurudi, hakuna aliyeanzisha wimbo.

Ndani hawaruhusu kupiga picha, ndiyo maana ulizoziona ni za nje tu. Nguo za waliouawa zimerundikwa juu ya mabenchi, zimeshikamana, zote zimekuwa na rangi moja ya udongo. Bati limetobolewa na vipande vya maguruneti, jua linapenya, na vinukta vya mwanga vinatua juu ya zile nguo. Kitambaa cha altare kina damu. Niliona kigauni cha mtoto chenye lesi shingoni, nikakumbuka kile ulichobatizwa nacho. Nikatoka nje.

Watutsi walikimbilia pale wakati wa mauaji ya kimbari, Aprili 1994, kwa sababu miaka ya nyuma, mauaji yalipozuka, aliyefika kanisani alipona. Safari hii wauaji waliwafuata humo humo. Inakadiriwa waliuawa watu 10,000, ndani na uani. Makaburi ya nyuma sasa yanahifadhi mabaki ya zaidi ya watu 45,000, wengine wameletwa kutoka vijiji vya jirani. Na kuna kaburi la Mwitaliano mmoja, Antonia Locatelli. Machi 1992 alizipigia simu redio za nje kusema Watutsi wanauawa, naye akapigwa risasi. Miaka miwili kabla, mwanangu! Kwa hiyo mtu asiniambie mambo yale yalianguka kutoka mbinguni.

Wewe mwaka ule ulikuwa mgongoni kwangu. Mto Kagera ulikuwa unaleta maiti. Mwisho wa Aprili, kwa siku mbili hivi, watu kama robo milioni walivuka Rusumo kuingia Ngara kwetu. Jumapili tukabanana nao kanisani. Padri aliposema tutakiane amani, nikawapa mkono, huku na huku. Wengi walikuwa raia waliokimbia vita. Wengine walikuwa wametoka kuua. Baadaye mahakama ya kimataifa ya Arusha, iliyohukumu mauaji yale, ikawa inataja majina, na mwaka 2008 ikampa kifungo cha maisha hata padri, Athanase Seromba wa Nyange, ambako kanisa liliangushwa kwa tingatinga waumini wakiwa ndani. Mimi sitajua kamwe nilishika mikono ya nani.

Sasa swali lako. Jumapili ile sikuimba, waliokuambia wamekudanganya. Nilisimama tu na kitabu. Kwenye Baba Yetu, pale pa "kama tunavyowasamehe", nilinyamaza, maana aliyekosewa si mimi, na mimi sina idhini ya kusamehe kwa niaba ya mwenye kile kigauni. Papa Fransisko aliomba msamaha mwaka 2017 kwa dhambi za Kanisa na watu wake kule. Nilifurahi, lakini nilipokuwa pale mlangoni haikunisaidia sana.

Sala niliyoweza kuisema yote ni Nakuungamia. "Kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu." Miaka yote napita hapo mbio, kama mtu anayesoma risiti. Safari hii nikakwama. Walioua na waliouawa walikuwa na jumuiya kama yetu, walibatizwa kwenye kisima kimoja, na kabla ya mapanga wauaji walizoea kumwita jirani mende. Mwaka juzi kwenye jumuiya yetu mtu aliwaita vibarua wa Kirundi kunguni. Tulicheka. Mimi, mwenyekiti, nilicheka, kisha nikasema, "Haya, tusali."

Hicho ndicho kilichonirudisha, mwanangu. Sina pengine pa kwenda kulisema.

Ijumaa jumuiya inasalia hapa nyumbani. Nimemwalika yule Mrundi anayelima migomba ya bibi yako, na mkewe. Alinitazama kwa muda mrefu, akauliza kama kuna kazi imeharibika. Nikamwambia hapana, ni sala na chai. Amesema ataongea na mkewe.

Mama yako