Kumwekea mteja rekodi za DNS bila kumvunjia barua pepe

Mteja wa kawaida hapa Mombasa, awe ana duka la vitenge Mtaa wa Biashara au ni wakala wa kutoa mizigo bandarini, hajui DNS yake, yaani rekodi zinazoelekeza jina la domeni kwenye tovuti na barua pepe zake, iko wapi. Anachojua ni kwamba domeni "alitengenezewa na kijana fulani". Ukimtumia orodha ya rekodi saba azinakili mwenyewe, atakupigia simu baada ya siku tatu, au hatakupigia kabisa. Ndiyo maana mtoa huduma huandika programu ya kumwekea. Anayeanza kazi hii hudhani ugumu uko kwenye kuandika rekodi, kumbe hiyo ni mistari michache ya kodi. Kazi yenyewe ni kujua zoni, yaani faili la rekodi zote za domeni, iko mikononi mwa nani, kisha kuingia humo bila kuharibu ulichokikuta.

Anza na jina lenyewe. Zoni ya mfano.com ina sehemu mbili, ya mfano.co.ke ina tatu. Programu inayokata sehemu mbili za mwisho itadhani zoni ya mteja wako ni co.ke. Wala usijiwekee kanuni kwamba "za Kenya ni tatu", kwa sababu KeNIC, wasimamizi wa majina ya .ke, husajili pia majina yaliyo moja kwa moja chini ya .ke. Tumia Public Suffix List, orodha ya miisho ambayo chini yake watu husajili majina, na uisasishe mara kwa mara.

Kisha uliza zoni iko kwenye seva zipi za majina, kwa amri ya dig:

dig +short NS mfano.co.ke

Jibu la hapa ndilo la kufuata, si la risiti ya msajili. Domeni inaweza kuwa imenunuliwa kwa mmoja, tovuti iko kwa wa pili, na zoni iko kwa wa tatu, kama Cloudflare. Mteja wa namna hiyo atafungua cPanel, paneli ya kusimamia tovuti yake, aongeze rekodi, aione imekaa vizuri kabisa, na duniani isionekane kwa yeyote. Zoni ya cPanel ipo, ila hakuna anayeiuliza. Programu yako imwambie mteja wazi mahali pa kwenda kabla hajagusa kitu.

Ukishajua mwenye zoni, yaani kampuni inayoihifadhi (mwenye DNS), jaribu kwanza Domain Connect. Ni itifaki iliyo wazi: wewe unaandika templeti ya JSON yenye rekodi za huduma yako, mwenye DNS anaikubali upande wake, na mteja anabonyeza kitufe kimoja. Hupelekwa kwenye ukurasa wa mwenye DNS, akaingia kwa paswadi yake mwenyewe, akaona kitakachobadilika, akaridhia. Wewe hushiki paswadi ya mtu, na hilo peke yake ni sababu tosha ya kuipenda.

Kugundua kama ipo ni hatua tatu. Uliza TXT, rekodi ya maandishi, ya _domainconnect.mfano.co.ke, itakupa anwani ya API, mlango ambao programu huzungumza na mwenye DNS. Nenda kwenye anwani hiyo ukiongeza /v2/mfano.co.ke/settings. Ukipata jibu la 404 (haipo), mwenye DNS huyo hana domeni hiyo, hata kama TXT bado imo, pengine imenakiliwa kutoka zoni ya zamani. Ukipata 200 (ipo), uliza tena kama templeti yako anaitambua. Kuiweka templeti kwenye hazina ya templeti za Domain Connect iliyoko GitHub hakumlazimishi mtu kuipokea. Kila mwenye DNS huamua mwenyewe, na wengine huchukua muda.

Kwenye templeti, usiweke kigeugeu kinachoweza kubeba chochote. Rekodi ya TXT ambayo thamani yake yote ni %thamani% ni mlango wa matapeli: mtu atatengeneza kiungo, amtumie mwenye domeni, na kitufe chenye jina lako kiweke kitu cha mwizi. Andika sehemu isiyobadilika, mfano hudumayetu-uthibitisho=%tokeni%. Pia tia sahihi kwenye ombi. Ufunguo wa umma hukaa kwenye TXT ya domeni uliyoitaja katika syncPubKeyDomain, na sahihi hufanywa juu ya maandishi yale yale ya vigezo yatakayotumwa, kwa mpangilio ule ule. Ukisaini kabla ya kubadilisha herufi maalum kuwa za URL, au maktaba yako ikavipanga vigezo upya, sahihi itakataliwa na utapoteza siku nzima ukiulaumu ufunguo.

Pasipo na Domain Connect, angalia kama mwenye zoni ana API ya kawaida. Mwombe mteja tokeni inayohusu zoni moja tu yenye ruhusa ya kuhariri DNS, si ufunguo wa akaunti nzima. Kwa wenye DNS wengine wote, itabidi mteja aweke kwa mkono. Usione haya, jipange tu. Mwonyeshe jina la rekodi kama paneli yake inavyolitaka. Paneli nyingi huongeza jina la zoni zenyewe, kwa hiyo aliyeandika www.mfano.co.ke anaishia na www.mfano.co.ke.mfano.co.ke. Programu yako ilitafute na jina hilo lililojirudia, kisha imwambie kosa liko wapi badala ya kurudia "haijapatikana". Kila thamani iwe na kitufe chake cha kunakili. Thamani ikitumwa kwenye WhatsApp au Word hurudi na nukuu zilizopinda na nafasi zisizoonekana.

Sasa yaliyomo ndani ya zoni. Hapa ndipo hasara hutokea, na karibu kila mara ni barua pepe. Wakala wa mizigo asiyepokea notisi ya kufika kwa meli hatajali kama tovuti yake mpya ni nzuri.

CNAME, rekodi inayoelekeza jina moja kwenye jina lingine, haikai na rekodi nyingine kwenye jina moja. Kwa hiyo kwenye www ni sawa, lakini kwenye domeni tupu, palipo na SOA (maelezo ya zoni), NS (seva za majina) na MX (seva za barua pepe), hairuhusiwi. Hapo tumia A, inayotaja anwani ya IP, au ALIAS, inayofanya kazi kama CNAME, kama mwenye DNS anayo. Kuna paneli zinazokubali CNAME hapo bila kulalamika, kisha MX inapotea. Programu yako ikatae yenyewe, isingoje paneli ikatae.

Ukibadilisha A, tazama AAAA, ambayo ni ya anwani za IPv6. Ikibaki ya zamani, wenye IPv6 watafika seva ya zamani na wengine mpya, na mteja atakuapia kwamba kwa simu inafanya kazi na kwa kompyuta haifanyi. Tazama pia CAA, inayotaja nani anaruhusiwa kutoa cheti cha usalama cha domeni: ikiwa inaruhusu mtoa cheti mwingine tu, cheti chako hakitatoka ng'o.

SPF, rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeni, ni moja tu kwa jina. Rekodi mbili zinazoanza na v=spf1 ni kosa la kudumu kwa mpokeaji, si ulinzi maradufu. Isome iliyopo, chomeka include yako kabla ya ~all au -all, kisha hesabu. Mwisho ni maulizo 10 ya DNS, na kila include hubeba ya ndani yake. Ip4 na ip6 hazihesabiwi. Templeti za Domain Connect zina aina ya SPFM inayounganisha badala ya kufuta, basi itumie hiyo, si TXT tupu.

DKIM, ufunguo wa kuthibitisha sahihi ya barua pepe, ukiwa wa biti 2048 una herufi karibu 400, na kipande kimoja cha TXT hakizidi 255. Zigawe vipande viwili ndani ya rekodi moja. Kuna paneli zinazokugawia, na nyingine hukata mkia kimya kimya. Njia safi zaidi ni mteja kuweka CNAME ya DKIM inayoelekea zoni yako. Ufunguo unaushika wewe, na ukitaka kuubadilisha mwakani hutamsumbua. Fanya hivyo hivyo kwa _acme-challenge, jina linalotumika kuthibitisha umiliki wa domeni wakati wa kupata vyeti. CNAME mbili tatu zilizowekwa mara moja hukupunguzia kazi kuliko API yoyote.

Katika kuhakiki, uliza seva zenye zoni moja kwa moja, mfano kwa DMARC, rekodi ya sera ya barua pepe:

dig +short TXT _dmarc.mfano.co.ke @seva-ya-majina

Ukiuliza 8.8.8.8, seva ya umma ya Google, kabla rekodi haijawekwa, jibu la "haipo" nalo huhifadhiwa, kwa muda unaotokana na SOA ya zoni. Programu inayouliza kila sekunde 5 inajifungia mlango yenyewe. Kwa rekodi iliyokuwepo, kinachotawala ni TTL ya zamani, yaani sekunde ambazo jibu huhifadhiwa: ikiwa ilikuwa 86400, ishushe hadi 300 siku moja kabla ya kuhama. Nyaya za baharini zinatua papa hapa Mombasa, lakini TTL haijali kasi ya mtandao wako. Uliza seva zote zilizoorodheshwa, maana mojawapo ikiwa nyuma mteja ataona leo ipo, dakika baadaye haipo. Na mteja akirudishwa kwako kutoka Domain Connect, usiandike "imekamilika" kwa kuwa amerudi tu. Thibitisha kwenye DNS.

Weka kumbukumbu ya zoni kabla ya kuigusa: jina, aina, thamani, TTL. Bila hiyo huna cha kurudishia.

Siku mteja akiondoka, usiachie jina la upande wako mradi CNAME yake bado inalielekea. Mwingine akilichukua, atakuwa anaweka kurasa chini ya domeni ya mteja wako wa zamani. Mwombe aifute, iulize zoni yake kila siku, na ulifungue jina hilo tu baada ya seva zake zote kujibu kwamba rekodi haipo.