Kuiwezesha programu-jalizi ya kihariri kufanya kazi na WSL

WSL (Windows Subsystem for Linux) huendesha Linux ndani ya Windows, kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kugusa msimbo wowote ni upande upi programu-jalizi yako itaendeshwa: Windows, kuliko na dirisha la mtumiaji, au Linux, kuliko na mradi wake, vikusanyi vyake na maktaba zake. Kwa Visual Studio Code jibu limekuwapo tangu 2019, kwa sababu kiendelezi chake cha WSL hukigawa kihariri sehemu mbili na kuweka seva ndogo ndani ya Linux. Ukitangaza katika package.json kwamba extensionKind yako ni "workspace", yaani kiendelezi kiendeshwe upande ulio na mradi, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Anayeweza kupita njia hiyo aipite, hata kama kuandika daraja lake mwenyewe kunampendeza zaidi.

Mimi nilihitaji daraja, kwa kuwa kihariri nilichokuwa nakihudumia hakina mgawanyo huo. Programu-jalizi ilibaki Windows, ikaiita wsl.exe, amri ya Windows inayoendesha programu ndani ya Linux, na kuzungumza na seva ya lugha (programu inayokipa kihariri makosa na mapendekezo ya msimbo) iliyo Linux kupitia ingizo na tokeo sanifu (stdin na stdout).

Hapo njia za faili ndizo huleta kazi kubwa. Faili iliyo C:\kazi\mradi huonekana Linux kama /mnt/c/kazi/mradi, na iliyo /home/asha/mradi huonekana Windows kama \\wsl.localhost\Ubuntu\home\asha\mradi, au kwa kiambishi cha zamani, \\wsl$. Amri ya wslpath hutafsiri pande zote mbili, lakini kuiita kwa kila njia ni kuanzisha mchakato mpya kila mara, jambo linalochelewesha kihariri. Nashauri tafsiri ifanywe na moduli moja tu, iliyo mpakani, inayopitiwa na kila ujumbe unaokwenda na unaorudi, na wslpath itumike mwanzoni kuthibitisha mahali diski zilipopachikwa, maana mtumiaji anaweza kubadilisha /mnt katika /etc/wsl.conf. Tafsiri ikitawanywa katika faili nyingi za msimbo, siku moja njia itatafsiriwa mara mbili, na kosa la namna hiyo halijitangazi.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalitarajii. Katika ujumbe wa kwanza wa itifaki ya seva za lugha, kihariri hutuma processId, yaani nambari ya mchakato wake, ili seva ijifunge iwapo kihariri kitakufa. Nambari hiyo ni ya Windows. Seva iliyo Linux huitafuta, haiioni, na ikiwa inafuata itifaki kwa uaminifu hujizima muda mfupi baada ya kuwaka, bila kosa lolote la maana kwenye faili za kumbukumbu (log). Tuma null, kisha hakikisha wewe mwenyewe kwamba seva inafungwa kwa ujumbe wa shutdown na exit, kwa sababu kuua wsl.exe hakutoi hakikisho kwamba mchakato wa Linux nao umekufa.

Kupata programu yenyewe nako kuna mitego. Ukitumia wsl.exe --exec, gamba la amri halipitiwi, kwa hiyo .profile na .bashrc hazisomwi, na Node, kiendeshi cha JavaScript ambacho seva nyingi za lugha hukihitaji, haionekani ikiwa imesakinishwa kwa nvm, kwa kuwa nvm hutegemea faili hizo. Pengine hupatikana programu za Windows, kama npm yake, kwa kuwa WSL huongeza PATH (orodha ya folda zinazotafutwa programu) ya Windows mwishoni mwa ile ya Linux. Kupitia bash kunasaidia kwa kiasi, ila .bashrc ya Ubuntu huacha kusomwa mapema gamba lisipokuwa la mazungumzo, na salamu yoyote ambayo mtumiaji ameamuru ichapishwe huingia katikati ya itifaki na kuivuruga. Weka mpangilio unaomruhusu mtumiaji kuandika njia kamili ya programu pamoja na jina la toleo la Linux (distro, kama Ubuntu) analolitaka. Ukiorodhesha matoleo kwa wsl.exe -l -q, kumbuka kwamba matokeo huja kwa usimbaji wa herufi wa UTF-16, si UTF-8, isipokuwa umeweka WSL_UTF8=1 kwenye WSL za karibuni.

Kuhusu kasi, WSL 2 huendesha kerneli halisi ya Linux ndani ya mashine pepe, na faili zinazovuka mpaka husafirishwa polepole. Waambie watumiaji wako waweke miradi ndani ya Linux. Aidha, faili iliyo chini ya /mnt/c ikibadilishwa na programu ya Windows, inotify ya WSL 2, yaani huduma ya Linux ya kufuatilia mabadiliko ya faili, haipati habari, kwa hiyo kihariri chenyewe ndicho kiiarifu seva kwa ujumbe wa itifaki uitwao didChangeWatchedFiles.