Laptopu ya mdogo wako asiyeona: kisoma skrini kipi, na hizo programu za "kusafisha" kompyuta

Mwalimu, nimesoma swali lako lote. Mdogo wako amepoteza uwezo wa kuona, chuo kimempokea, mmemnunulia laptopu iliyotumika, na unauliza mawili: awekewe kisoma skrini kipi (programu inayomtamkia kwa sauti yaliyopo kwenye skrini), na programu gani ya kusafisha na kuongeza kasi itamfaa, maana kila fundi anakutajia ya kwake. Mimi sioni tangu utotoni, kompyuta ndiyo kazi yangu, na wenzangu wengi huniletea za kwao zikileta shida. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu ya hilo la pili. Linatuumiza wengi.

La kwanza ni jepesi: mwekee NVDA. Ni ya bure kabisa, ilianza mwaka 2006 mikononi mwa Michael Curran, Mwaustralia ambaye mwenyewe haoni. JAWS, kisoma skrini kingine, nayo ni nzuri na ni kongwe, lakini leseni yake ni mamia ya dola, na bila leseni inasoma dakika 40 tu kisha inakubidi uzime na kuwasha kompyuta upya. Fundi akikwambia anayo JAWS "iliyofunguliwa", mkatalie hapohapo. Kisoma skrini kinapokea kila kitufe anachobonyeza mtumiaji, nywila za benki zikiwemo. Programu ya namna hiyo haichukuliwi kwenye flashi ya mtu asiyejulikana kaitoa wapi.

NVDA inakuja na sauti za eSpeak NG, na Kiswahili kimo. Abonyeze Insert, Ctrl na S kwa pamoja achague eSpeak NG, kisha Insert, Ctrl na V, mipangilio ya sauti itafunguka, achague Kiswahili. Ni sauti kavu, na siku za mwanzo atalalamika. Mwambie avumilie, kwa sababu ndiyo inayojibu papo hapo na inayoeleweka hata ukiiongezea kasi sana. Kwa kusikiliza makala ndefu kuna sauti tamu zaidi ndani ya Edge, kivinjari cha Microsoft: Rehema na Daudi za Kitanzania, Zuri na Rafiki za Kikenya, ila hizo zinataka bando muda wote.

Sasa hilo la pili. Kisoma skrini hakitazami picha. Kinaiuliza Windows: hiki kilichopo hapa ni nini, kinaitwaje, kimewekwa tiki au hakijawekwa? Mtengenezaji aliyetumia vitufe na menyu za kawaida za Windows, majibu yapo tayari. Aliyeamua kuchora vya kwake, duara linalozunguka na rangi zinazowaka, asipoandika majina nyuma ya michoro hiyo, kwetu sisi pale hakuna kitu. Na programu za kusafisha kompyuta zinapenda michoro kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa zinauzwa kwa kumtisha mtu na mishale myekundu. Niliwahi kuletewa laptopu yenye moja ya hizo. Nabonyeza Tab, nasikia "kitufe". Tab tena, "kitufe". Tab tena, "kitufe", kisha kimya. Kitufe kimojawapo kilikuwa cha kununua toleo kamili, kingine cha kufuta kila kilichoonekana ni takataka. Mwenye laptopu, mwanafunzi wa sheria, angejuaje afuate kipi?

Kwa hiyo usichague kwa kusoma sifa za programu wala nyota ilizopewa. Washa NVDA, funika skrini kwa kitambaa, weka kipanya pembeni, kisha ufanye kazi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa kibodi peke yake. Kila kitufe kitaje jina lake. Kazi ikiisha, programu iseme imeisha. Ikikuacha njia panda hata mara moja, itoe. Wewe unaona, kwa hiyo jaribio hili litakuchosha, lakini lifanye kabla hujalipa senti yoyote.

Tena nyingi ya hizo programu mdogo wako hazihitaji. Za "kusafisha rejista", ile hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, ndizo za kwanza kuepukwa, Microsoft wenyewe hawaziungi mkono. Kupunguza takataka kumo ndani ya Windows: abonyeze kitufe cha Windows pamoja na I, aingie System, kisha Storage, kisha Temporary files. Pale kuna orodha ya visanduku vya tiki, NVDA inasoma kila kimoja na ukubwa wake, na kitufe cha nafasi kinaweka au kuondoa tiki. Asikilize kwa makini anapofika kwenye Downloads. Nayo imo kwenye orodha ileile, na ikibaki na tiki, notisi zote za chuo alizopakua zinaondoka. Kwa virusi, Windows Security inatosha kwa mwanafunzi na inasomeka vizuri. Antivirusi za bure za nje zinaleta vidirisha vya matangazo vinavyomkatiza akiwa katikati ya sentensi.

Mimi kwa matengenezo napenda zaidi dirisha la amri, pale unapoiandikia kompyuta la kufanya, na ningependa naye alizoee mapema. Watu wanaoona huliogopa, lakini kwetu ni maandishi matupu, hakuna cha kufichika. Windows na X, kisha A, linafunguka kwa mamlaka ya msimamizi. Ukiandika winget upgrade unasomewa programu zote zilizopitwa na wakati. Ukiongeza --all zinasasishwa zenyewe, bila kuzunguka kwenye tovuti zenye vitufe vitano vya uongo vya kupakua. Mafaili ya Windows yakiharibika, sfc /scannow. Diski ikitiliwa shaka, chkdsk c: | clip. Hicho kipande cha mwisho kinapeleka jibu lote kwenye ubao wa kunakili, analibandika Notepad na kulisoma mstari kwa mstari kwa mishale, kwa mwendo wake.

Jambo moja hapa: NVDA isakinishwe ndani ya mashine, isiendeshwe kutoka kwenye flashi tu. Ile ya flashi inanyamaza Windows inapouliza kama unaruhusu programu ifanye mabadiliko, na kila kazi ya matengenezo inapita hapo.

Na programu za "kusasisha draiva", zile programu ndogo zinazoendesha vifaa vya kompyuta, zikae mbali na kompyuta hiyo. Kwako wewe draiva ya sauti ikiharibika umekosa muziki. Kwake yeye skrini imezimika. Mnunulie spika za masikioni za USB, zile zenye saketi yake ya sauti, aziweke kwenye begi siku zote. Windows inazitambua bila kuongezewa kitu, hata sauti ya ndani ya laptopu ikiwa imekufa. Ajue pia Ctrl, Windows na Enter: hiyo inaamsha Narrator, kisoma skrini cha Windows yenyewe, siku NVDA ikigoma. Kabla Windows haijawaka, kule kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe, hakuna kisoma skrini kinachosema. Pale atahitaji mtu aliye karibu, au mtu wa kujitolea anayemwona kupitia kamera ya simu kwenye programu ya Be My Eyes.

Laptopu yenyewe iangalie tena. Windows 10 iliacha kupata huduma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo iwe inayokubali Windows 11. Zenye prosesa za Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8. Iwe na SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Diski ya zamani ikilemewa, sauti inachelewa, na mtu anabonyeza kitufe mara mbili akidhani hakikuingia.

Mwisho, msaada wa mbali. Tangu toleo la 2025.1, NVDA ina Remote Access ndani yake. Nikiwa Dodoma na yeye yuko Mwanza, sote tukiwa na NVDA, naiendesha kompyuta yake na kusikia inachosema. Kinachosafiri ni maandishi ya maneno hayo, kwa hiyo bando haliliki. Zile programu za kawaida za mafundi hutuma picha ya skrini, ambayo kisoma skrini changu hakiwezi kuisoma.

Akianza kuitumia, mwache aandike hapa yeye mwenyewe. Ataje toleo la Windows na la NVDA (Insert na N, kisha Help, kisha About) na maneno aliyoyasikia mara ya mwisho kabla haijakwama. Nitamjibu.