Alumina yangu imeota ukoko

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kemia, kwetu Mkomani, Lamu. Mradi wangu ni kutengeneza kibebeo cha kichocheo cha nikeli, yaani unga wa kushikilia nikeli inayoharakisha mmenyuko: unga wa alumina (oksidi ya alumini) uliotiwa lanthanamu, metali nyingine. Nilimimina mmumunyo wa nitreti ya lanthanamu, chumvi yake inayoyeyuka majini, ukawa uji, nikaukausha upesi. Umefanya ukoko mweupe juu, na ndani ni kama sikutia kitu. Nimekosea wapi? Na hiyo lanthanamu ina lazima gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tazama kuta za matumbawe za huko kwenu, zile za karibu na maji. Ukuta hunywa maji ya chumvi kutoka chini. Uso ukikauka kwa jua na upepo, maji ya ndani hufuata nje na chumvi yake, hata lipu ikabanduka. Ndilo lililoupata unga wako.

Usiupikie uji. Pima kwanza unga unakunywa kiasi gani: chukua gramu 10 kavu, tia maji safi tone kwa tone huku ukikoroga, na uache pale unapoanza kushikana na kung'aa. Wangu ulikunywa mililita 6. Basi chukua gramu 10 nyingine, na lanthanamu yote iyeyushwe ndani ya hizo 6 tu. Ukitaka gramu 0.3 ya lanthanamu, pima gramu 0.94 ya nitreti yake yenye molekuli sita za maji. Acha saa mbili ifunikwe, kausha usiku kucha kwa nyuzi 110 huku ukiugeuza kila unapopata nafasi, kisha choma kwa nyuzi 550, joto likipanda nyuzi 2 kwa dakika. Moshi wa kahawia utakaotoka ni sumu, kwa hiyo tanuri liwe chini ya kifyonza hewa. Hapo sikubembelezi.

Kuhusu lazima yake: marehemu baba alikuwa mchoma chokaa. Magogo ya mikoko chini, matumbawe juu. Jiwe lililoungua kupita kiasi alilitupa kando, kwa kuwa ukilimwagia maji hukawia sana kupasuka. Vitundu vyake vimeshazibana. Alumina ya gama, ile aina yenye vitundu vingi, nayo ni hivyo hivyo. Gramu moja ina uso wa mita za mraba 200 hivi, lakini ukiipeleka kwenye nyuzi 1,100 na zaidi hugeuka alfa, aina iliyoshikana, ukabaki na mita chache tu, na nikeli haina pa kukaa. Lanthanamu kidogo hukaa juu ya uso huo na kuuchelewesha usijifunge. Kidogo, nasema, ukiizidisha inaziba vitundu vile vile unavyovilinda.

Nikeli itie mwisho, kwa matone vilevile, lanthanamu ikiwa imeshachomwa. Ukiona unga umekuwa wa samawati baada ya moto mkali, jua nikeli imemezwa na alumina, na hidrojeni, inayotumika kuirudisha nikeli kuwa metali, itapata taabu kuitoa humo.