Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa: maswali yenu kutoka Tanga

*Shikamoo mwalimu. Huyu Katibu Mkuu ana jeshi gani, mbona vita haviishi? (Kijana, Chumbageni)*

Marahaba. Hana hata askari mmoja wa kwake. Wale walinda amani wa kofia za buluu, wakiwemo vijana wetu waliokwenda Kongo, ni wa nchi zao, na hutumwa na Baraza la Usalama. Humo Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa kila moja ina kura ya turufu, yaani ya kuzuia azimio. Katibu Mkuu yeye amepewa Ibara ya 99 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa: kulipelekea Baraza jambo analoona linahatarisha amani. Katibu Mkuu António Guterres aliitumia tarehe 6 Desemba 2023 kwa ajili ya Gaza. Siku mbili baadaye, Marekani ikalipigia turufu azimio la kusitisha mapigano.

*Mie nakaanga mandazi Makorora. Bwana huyo ananihusu nini? (Mama wa mandazi)*

Dada yangu, tazama kiroba chako cha unga. Vita vya Urusi na Ukraine vilipofunga bandari za Ukraine mwaka 2022, bei ya ngano ilipaa duniani kote. Guterres na Uturuki wakahangaika miezi kadhaa, na Julai mwaka huo mkataba wa kupitisha nafaka ukasainiwa Istanbul. Hasimu hao hawakusaini karatasi moja! Kila upande ulisaini ya kwake, na Uturuki na Umoja wa Mataifa. Zaidi ya tani milioni 30 za nafaka na vyakula vingine zikapita Bahari Nyeusi, hadi Urusi ilipojitoa Julai 2023. Kwangu mimi, kazi hiyo inazishinda hotuba zake zote za New York.

*Eti Salim Ahmed Salim nusura akikalie kiti kile? (Mzee wa kahawa, Ngamiani)*

Kweli kabisa, mzee wangu. Mwaka 1981 China ilimkatalia Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa wakati huo, muhula wa tatu, Marekani nayo ikamkatalia Salim, raundi baada ya raundi. Wamarekani hawakusahau alivyoshangilia mwaka 1971, akiwa balozi wetu kule, China ya Beijing ilipopewa kiti cha China katika Umoja wa Mataifa badala ya Taiwan. Mwishowe wote wawili wakakaa kando, akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Salim akaja kuuongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kuanzia 1989 hadi 2001.

*Na mwanamke je? (Msichana, Pongwe)*

Kuanzia Trygve Lie wa Norway mwaka 1946 hadi Guterres, wote tisa ni wanaume. Dk. Asha-Rose Migiro wetu alifika unaibu, 2007 hadi 2012.